Milango miwili chini ya paa moja: dada wawili wa Kolwezi watafuta nyumba ya kukaa pamoja

KOLWEZI – Jioni moja ya mwezi wa saba, baridi ya kiangazi ikiwa kali, dada wawili walikaa na mama yao kuzunguka mbabula kwenye uwanja wa nyumba ya kupanga, katika komine ya Manika. Mkubwa, ambaye nyumbani wote wanamwita Yaya, alichukua sahani ya maharagi yaliyokuwa yakingoja kupikwa. Akahesabu punje ishirini na kuzipanga juu ya kiti. Punje hizo zilikuwa feza yote ya familia, ile iliyobaki baada ya nyumba yao ya zamani kubomolewa.

“Kila punje ni fungu moja,” alisema. “Tukimaliza ishirini, hakuna ishirini nyingine.”

Mdogo wake hakujibu. Kwa wiki mbili walikuwa wakisalimiana asubuhi na kunyamaza mchana kutwa. Shida haikuwa baridi wala ukosefu wa nafasi. Ilikuwa hizo punje ishirini, na swali la ni ngapi zilikuwa za nani.

Watu wa familia ni kumi na mmoja. Kuna kambo, mama wa dada hao. Kuna Yaya, ambaye ni mjane, na watoto wake wanne. Kuna mdogo, mume wake ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, na watoto wao watatu. Nyumba ya zamani ilikuwa ya mume wa kambo, mfanyakazi wa Gécamines, mmoja wa watu 10,655 walioacha kazi katika operesheni ya kuondoka kwa hiari ya mwaka 2003. Alipofariki, Yaya alibaki ndani na mama yake. Mdogo na mume wake walijenga vyumba viwili nyuma, kwa matofali waliyonunua wenyewe.

Kisha shimo la mgodi lilisogea. Watu wa kampuni walipita na rangi nyekundu, wakaandika namba ukutani. Lupango lote lilipewa namba moja, kwa hiyo familia yote ikahesabiwa kuwa nyumba moja. Aliyetia sahihi ni Yaya na aliyepokea feza ni Yaya. Vyumba viwili vya nyuma vilikuwa ndani ya hesabu ile, lakini hakuna karatasi iliyovitaja peke yake.

Jambo hili si geni Kolwezi. Mji huu ulizaliwa mwaka 1937 kwa sababu ya shaba, na migodi iko mpaka kwenye milango ya watu. Kule Kasulo, tangu mwaka 2014 watu walichimba madini chini ya sakafu za nyumba zao wenyewe, na baadaye sehemu ya kartiye ikazungushiwa ukuta na familia zikaondolewa. Mwezi wa tisa 2023, Amnesty International pamoja na shirika la hapa Kolwezi, IBGDH, walitoa ripoti kuhusu watu walioondolewa kwa nguvu kwa ajili ya migodi ya shaba na kobalti. Kuna sheria: Kodi ya Migodi iliyorekebishwa mwezi wa tatu 2018, na kanuni zake za mwezi wa sita mwaka huohuo, ambazo zina nyongeza nzima, ya 18, juu ya kuhamisha watu, kuwalipa na kuwapatia makao. Lakini mtu anapoondoka na begi la feza na magodoro juu ya mkokoteni, sheria haimwambii alale wapi usiku ule.

Familia hii ililala katika vyumba viwili vya kupanga. Mwenye nyumba alitaka garanti ya miezi sita. Sheria ya mwaka 2015 juu ya kupanga nyumba inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu, lakini mtu mwenye mama mzee na watoto saba barabarani hana nguvu ya kubishana. Walikubaliana miezi minne. Kila mwezi uliofuata ulikula feza ile. Ndiyo maana Yaya alileta maharagi.

Wazo la fundi

Wazo la nyumba ya kufunga kwa bolti lilitoka kwa mume wa mdogo. Alikuwa amefanya kazi ya kibarua kwenye kambi za wafanyakazi wa migodi, zile nyumba ndefu nyeupe zenye paa la buluu. Aliona kambi ya watu wengi ikisimamishwa kwa wiki chache, na baada ya miaka michache ikifunguliwa, ikapakiwa kwenye kamyo na kupelekwa mahali pengine.

“Mvua ni mwezi wa kumi,” alimwambia Yaya. “Tofali la udongo linataka kukauka, linataka kuchomwa, linataka fundi wa siku nyingi. Paneli inataka siku kumi. Tena kama wanatufukuza mara nyingine, tunafungua, tunabeba.”

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomuudhi kambo.

“Mwanangu, nyumba ya kubeba ni ya mtu anayepita,” alisema. “Mimi nilizaa hapa. Nimezika hapa. Kwa nini nijenge huku nimekwisha kufunga mizigo?”

Hakuna aliyekuwa na jibu. Yaya alisema tu kwamba kwenda kuangalia si kununua. Wakakubaliana kwenda pamoja, watu watatu, kila Jumamosi, na kila mmoja arudi na maneno yake mwenyewe.

Jumamosi ya kwanza: makontena

Walianza na kontena, kwa sababu Kolwezi kontena iko kila mahali. Inaingia na mizigo ya migodi kupitia Kasumbalesa, na nyingine hazirudi bandarini. Zinageuka duka, biro, banda la walinzi. Muuzaji aliwaonyesha za futi 20 na za futi 40, akawaambia chuma hakiliwi na mchwa, na hilo ni kweli.

Mdogo alikuwa na mita ya fundi. Kontena ya futi 20 ndani ni karibu mita 5.90 kwa 2.35, yaani chini kidogo ya mita za mraba 14. Ya futi 40 inafika kama 28. Mashirika yanayosaidia watu waliohamishwa hutumia kipimo cha Sphere, kinachosema kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za kuishi chini ya paa, bila kuhesabu mahali pa kupikia. Watu kumi na mmoja wanataka 38.5. Kwa hiyo hata kontena kubwa peke yake haikutosha. Ilihitajika kubwa moja na ndogo moja.

Fundi aliingia ndani na kumwomba muuzaji afunge milango. Katika giza alitafuta nukta za mwanga, kwa sababu panapopita mwanga, maji nayo yatapita. Alikuta nukta tatu kwenye paa. Akatafuta kibao cha chuma kwenye mlango, kinachoonyesha mwaka kontena ilipotengenezwa na uzito inaoruhusiwa kubeba. Kisha akainama na kunusa sakafu. Ilikuwa ya mbao za kubandikwa, yenye madoa meupe, na ilinuka vikali.

“Ilibeba nini hii?” aliuliza.

Muuzaji alisema ilibeba nguo. Fundi alitikisa kichwa. Katika nchi ya shaba, kontena nyingi hubeba dawa za viwandani. Hata ile iliyobeba nguo, mbao za sakafu yake hutiwa dawa ya kuua wadudu zinapotengenezwa. Mtoto anayelala chini anavuta yote hayo. Kama mtu anataka kontena, mbao hizo ziondolewe au zifunikwe vizuri kabisa.

Lilikuwapo jambo jingine ambalo fundi alilijua kwa kazi yake. Nguvu ya kontena iko kwenye pembe zake nne na kwenye kuta zake zenye mikunjo. Ukikata ukuta kuweka dirisha na mlango bila kuchomelea fremu ya chuma kuzunguka tundu, unaipunguzia nguvu. Tena bati peke yake halizuii joto wala baridi. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijashika, ndani yake pangekuwa kama tanuri. Mwezi wa sita, pumzi ya watu kumi na mmoja ingegeuka maji juu ya kuta na kudondokea magodoro. Lazima ipigwe dari na kuta za ndani, na katikati kuwekwe kitu cha kukinga joto.

Jioni walihesabu. Kontena mbili zenyewe zilichukua punje sita. Kukata, fremu, kuta za ndani na madirisha zilichukua nne nyingine. Kreni na kamyo zilichukua mbili. Punje kumi na mbili zilikwisha kwenda kabla ya kuwa na lupango pa kuziweka.

Jumamosi ya pili: nyumba inayokunjuka

Wiki iliyofuata walikwenda kwa muuzaji mmoja kwenye barabara ya Likasi. Alikuwa na nyumba mpya inayokuja imekunjwa kama sanduku, ikafunguliwa mabawa mawili, na ndani ikawa na vyumba, bafu, hata soketi za umeme. Yaya aliipenda palepale. Alifungua bomba la jikoni, ambalo halikuwa na maji, akalifunga tena polepole.

Mdogo ndiye aliyeuliza. Mabawa yakivuja kwenye maungio, mpira wa kuziba unapatikana wapi? Sakafu ya upande imeshikwa na nini kama ardhi si sawasawa? Bafu la ndani linatoa maji machafu kwenda wapi, kama lupango halina mfereji? Muuzaji alijibu la kwanza kwa kusema mpira unaagizwa kutoka China. Kwa mengine alisema fundi atajua.

Bei ilikuwa punje kumi na mbili, bila msingi.

Waliporudi, Yaya alikasirika. “Wewe kila kitu unakataa,” alimwambia mdogo wake. “Kama hutaki kukaa na mimi, sema.”

Hapo ndipo neno lilipotoka. Mdogo alisema anataka kukaa naye, lakini hataki kukaa kwake. Katika nyumba ya zamani alikuwa na vyumba viwili alivyojenga kwa jasho la mume wake, na siku ya kulipwa vikawa si vyake. Sasa akiingia katika nyumba nyingine iliyonunuliwa kwa jina la mtu mmoja, siku Yaya akifa, au akiolewa, au watoto wake wakikua na kutaka kuuza, yeye atakuwa nani? Mpangaji? Mgeni?

“Chumba changu kiko ndani ya maharagi yale, Yaya. Mimi sijui ni punje ngapi. Lakini kimo.”

Yaya hakusema kitu usiku ule. Kambo, ambaye alikuwa amejilaza na alidhaniwa amelala, ndiye aliyesema kutoka chumbani: “Amesema kweli. Mimi niliona akibeba matofali akiwa na mimba.”

Ardhi kwanza

Kesho yake Yaya mwenyewe aligeuza mpango. Alisema nyumba ingoje, kwanza watafute lupango, na lupango liandikwe majina mawili.

Huu ndio ushauri ambao watu wengi waliohamishwa huusikia wakiwa wamechelewa. Nyumba ya bolti ni rahisi kununua, na ndiyo maana watu huinunua kwanza, kisha wanaisimamisha juu ya ardhi ya kuazima. Lakini Kongo ardhi ni ya Serikali tangu sheria ya mwezi wa saba 1973. Mtu hupewa haki ya kuitumia, na karatasi yenye nguvu ni cheti cha uandikishaji kinachotolewa na mhifadhi wa hati za ardhi. Fishi ya lupango na karatasi ya kuuziana iliyopigwa muhuri kwa shefu wa kartiye ni mwanzo wa safari tu.

Katika mji kama Kolwezi kuna swali la pili: je, lupango hilo liko ndani ya kibali cha mgodi? Kadastra ya Migodi, inayoitwa CAMI, ina ramani ya vibali vyote, na mtu anaweza kuiona hata kwenye intaneti. Familia ilimwomba kijana mmoja mwanafunzi awaonyeshe kwa simu. Lupango la kwanza walilolipenda, zuri, karibu na barabara, lilikuwa katikati ya kibali. La pili nalo lilikuwa ukingoni. La tatu lilikuwa mbali na soko, bila umeme karibu, lakini nje ya mistari ile. Kwa sababu ya umbali, bei yake ilikuwa punje sita.

Kuwa nje ya mistari hakumaanishi mtu hatafukuzwa kamwe. Vibali hutolewa vipya. Lakini ni bora kuliko kujenga mahali ambapo jina la mwingine limekwisha kuandikwa.

Karatasi ya kuuziana iliandikwa majina ya dada wote wawili. Kisha wakaandika karatasi nyingine ya kwao, mbele ya shefu wa kartiye na mashahidi wanne, wawili wa kila upande. Ilisema mambo machache. Lupango ni la wote wawili, nusu kwa nusu. Kambo ana chumba chake mpaka mwisho wa maisha yake, na hakuna wa kumtoa. Anayetaka kuondoka atamwuzia mwenzake kwanza, kabla ya mtu wa nje. Atakayeongeza kitu, chumba au choo au kisima, kitaandikwa kwa jina lake na risiti itunzwe. Mmoja wao akifariki, watoto wake wanashika nafasi yake.

Fundi alisoma karatasi hiyo mara mbili, kisha akasema, “Sasa tunaweza kununua bolti.”

Jumamosi ya nne: paneli za kambi

Kambi moja ya wafanyakazi ilikuwa ikivunjwa, na paneli zake zikauzwa kwa vipande. Paneli hizi ni mabati mawili membamba yenye kitu cha kukinga katikati. Hicho cha katikati ndicho cha kuangalia. Nyingine zina povu jeupe jepesi, kama lile linalofungiwa televisheni mpya. Nyingine zina pamba ya mawe, nzito zaidi, ya rangi ya udongo wa njano.

Zote mbili hukinga baridi. Paneli ya milimita 50 huzuia joto kupita kuliko ukuta wa tofali moja. Tofauti yao ni moto. Fundi aliomba kipande kidogo cha kila aina, akatoka nje mbali na watu, akawasha kiberiti. Povu liliyeyuka, likadondoka huku likiwaka, likatoa moshi mweusi. Pamba ya mawe ilibadilika rangi kidogo na kubaki pale.

“Watoto saba,” alisema Yaya. Hakuongeza neno.

Paneli za pamba ya mawe zilikuwa na bei ya juu zaidi, na nyingi zilikuwa na matundu ya bolti za zamani. Walizichagua moja moja kutwa nzima. Waliacha zilizoliwa na kutu upande wa chini, na zilizoloa ndani, kwa sababu pamba iliyolowa hailindi tena na inaozesha bati. Walipata za kutosha nyumba ya mita 8 kwa 6, yaani mita za mraba 48, zaidi ya mita 4 kwa kila mtu. Paneli, fremu za chuma na mabati ya paa vilichukua punje saba. Kamyo ilichukua moja. Kreni haikuhitajika, kwa sababu wanaume wawili hubeba paneli moja.

Msingi ulichukua punje mbili, na hapo fundi hakukubali kupunguza kitu. Udongo mwekundu wa Kolwezi ukilowa ni matope yanayoshika kiatu. Sakafu ya beto iliinuliwa juu ya ardhi, na bolti ndefu zikazikwa ndani yake kabla haijakauka, ili kushika fremu. Nyumba ya paneli ni nyepesi. Upepo unaotangulia mvua ya kwanza unaweza kuifunua kama haikushikwa chini.

Choo kilichukua punje moja. Kilichimbwa upande wa chini wa lupango, mbali kadiri ilivyowezekana na kisima cha jirani. Kipimo kinachotajwa ni mita 30 kati ya shimo la choo na maji ya kunywa. Lupango halikufika urefu huo, kwa hiyo Yaya alikwenda kuongea na jirani kwanza, na wakapima pamoja wakianzia kisima chake.

Punje moja ilikwenda kwa maji na umeme. Nyumba ya chuma isipounganishwa na ardhi kwa waya, waya mmoja uliochubuka unaweza kutia umeme ukuta mzima. Fundi alizika fito ya shaba na kufunga waya kabla balbu ya kwanza haijawekwa.

Lupango sita, nyumba saba, msingi mbili, kamyo moja, choo moja, maji na umeme moja. Zilibaki punje mbili. Zilifungwa katika kitambaa na kupewa kambo.

Milango miwili

Nyumba ilichorwa na mdogo, kwenye daftari la shule. Ina milango miwili ya nje, mmoja wa Yaya upande wa mashariki, mmoja wa mdogo upande wa magharibi. Katikati ukuta unapita moja kwa moja. Mahali pamoja tu ndani ya nyumba ambapo pande mbili zinakutana ni chumba cha kambo, chenye mlango kila upande. Ndivyo alivyotaka yeye. Alisema akiita usiku, yeyote aliye karibu aje.

Mwanzoni watu wa kartiye waliona ajabu. Kwa nini dada wa tumbo moja wakae na ukuta kati yao? Lakini wale waliowahi kukaa watu kumi na mmoja nyumba moja walielewa. Kukaa pamoja kunadumu kama kila mmoja ana mlango wa kufunga, chungu chake, na mahali pa kukasirika bila kusikiwa.

Jiko lilijengwa nje, kwa matofali, chini ya paa lake dogo, na ni la wote. Hapo kambo alitoa amri: mbabula haitaingia ndani ya nyumba, hata iwe baridi ya namna gani. Nyumba ya paneli inaziba vizuri kuliko ya matofali. Moshi wa makala hauonekani ukishawaka vizuri, lakini gesi yake inaua watu wakiwa usingizini. Juu ya kila dirisha waliacha tundu lenye wavu ambalo halifungwi.

Kuhusu kufukuzwa tena, walizungumza mara moja tu. Siku moja kampuni inaweza kusema: nyumba yenu ina bolti, ibebeni, hatulipi. Kwa hiyo Yaya alianza daftari. Limeandikwa siku msingi ulipomwagwa na mifuko ya simenti iliyotumika, idadi ya paneli, shimo la choo na kina chake, jiko la matofali. Risiti zimebandikwa. Picha zimechukuliwa kwa simu mbili na kutumwa kwa ndugu aliyeko Lubumbashi. Safari hii, vitu vya Yaya na vitu vya mdogo wake viko katika kurasa tofauti.

Kwa familia zinazotafuta

Walio katika hali kama hii wanaweza kuchukua kutoka kwao maswali haya, kabla ya kutoa feza yoyote:

1. Lupango lina karatasi gani, na je, liko nje ya kibali cha mgodi kwenye ramani ya CAMI?
2. Majina ya nani yataandikwa? Aliyejenga chumba cha nyuma yumo?
3. Watu wangapi watalala ndani, na kila mmoja anapata mita ngapi?
4. Ndani ya paneli kuna nini, povu au pamba ya mawe? Kontena ilibeba nini?
5. Bei ya muuzaji ina msingi, kamyo, choo na umeme ndani yake, au ni ya kuta tu?
6. Kitu kikivunjika, kinapatikana hapa Kolwezi, au kinangojwa miezi?
7. Kitabaki nini baada ya kulipa yote?

Mvua ya kwanza

Nyumba ilisimama siku ya kumi na mbili, si ya kumi kama fundi alivyoahidi. Walihamia mwisho wa mwezi wa tisa. Mwenye nyumba wa zamani alirudisha garanti ya mwezi mmoja tu, baada ya maneno mengi, na hiyo ilinunua mifereji ya paa na pipa kubwa la maji.

Mvua ya kwanza ilikuja usiku. Juu ya mabati ilikuwa na kelele hata watu hawakusikiana. Fundi alizunguka na tochi akiangalia matundu ya zamani aliyoyaziba. Moja lilivuja, upande wake mwenyewe, juu ya kitanda chake. Watoto wa Yaya walicheka mpaka wakaamsha wale wa upande wa pili, na milango yote miwili ya kambo ikafunguka.

Asubuhi kambo alionekana uwanjani na mche wa mwembe alioupata kwa jirani. Aliutaka karibu na pembe ya nyumba. Mkwe wake akamwambia kwa heshima, “Mama, mizizi itainua beto.” Akanung’unika, akahesabu hatua kumi kutoka ukutani, akachimba.

Yaya aliingia ndani, akatoka na daftari. Miti nayo huhesabiwa watu wanapohamishwa. Akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe, na chini yake: mwembe mmoja, wa mama.